Kabla bomba la majitaka halijafika mtaani kwenu

Mkisikia mtaa wenu wa mlimani umeingizwa kwenye mradi wa majitaka, furahini, halafu siku hiyohiyo ulizeni: na maji ya mvua yatapita wapi? Swali hilo liulizwe kabla sururu ya kwanza haijapigwa. Naishi Mwanza, mlimani kwenye mawe, na nasisitiza hivi kwa sababu nimewahi kumpelekea jirani yangu kinyesi ndani ya nyumba yake bila kujua.

Yaliyo mepesi kwanza. Bomba la majitaka ni kazi ya MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza. Mitaro ya barabarani kwa kawaida ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkimwita mmoja tu kwenye mkutano wa mtaa mtaondoka na nusu ya jibu. Waiteni wote wawili siku moja. Asijenge mtu kibanda juu ya chemba. Mifuniko iwe ya zege, maana ya chuma huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Pampasi na matambara hayaingii chooni. Mafuta yaliyokaangiwa sangara hayamwagwi kwenye sinki.

Halafu tembeeni mtaa mzima mvua ikiwa inanyesha. Shikeni miavuli, mwenyekiti wa mtaa akiwa mbele, mwone maji yanakata wapi na mchanga unatua wapi. Jabali halinywi maji, kwa hiyo mvua ya huku kwetu hushuka kwa kasi, na kila bati jipya na kila ua uliosakafiwa huiongezea mbio. Mchoro wa mhandisi hauwezi kuonyesha kichochoro kinachogeuka mto kila Novemba kama hakuna aliyemwambia.

Mkiwa naye, mwulizeni mtaro umepigiwa hesabu ya mvua gani. Akijibu "ya miaka kumi", msidhani mkishaipata mtapumzika miaka kumi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya kumi ya mvua kubwa kiasi hicho au zaidi. Inaweza kuja mwaka huu, na mwakani ikarudi.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: maji ya bati yasiingie kwenye bomba la majitaka. Kamwe.

Gata ya nyuma ya nyumba yangu ilikuwa inamwaga maji pembeni ya ukuta, msingi ukaanza kuonekana. Nikaita fundi. Akatazama, akasema, "Mzee, chemba hii hapa, tunahangaika nini?" Akaunganisha bomba la inchi nne kutoka kwenye gata hadi kwenye chemba, na kabla ya saa kumi jioni kazi ilikwisha. Nilimlipa na kumshukuru. Ilikuwa kiangazi.

Vuli ilipoanza, usiku mmoja ikanyesha mvua kubwa. Nilitoka na tochi, nikakuta ua wangu mkavu, nikarudi kulala. Asubuhi mama mmoja mjane, nyumba ya nne chini yangu, alisimama getini kwangu kanga zikiwa zimelowa hadi magotini. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani jana usiku huko juu mlikuwa wangapi?"

Choo chake kilikuwa kimefoka. Maji machafu yalipanda kutoka kwenye sinki la choo, yakajaa korido, yakaingia chumba walicholala wajukuu zake kwenye mkeka. Aliwapandisha wote watatu kitandani akakaa nao mpaka alfajiri. Magunia mawili ya mahindi yaliyokuwa sakafuni yalitupwa. Hakuja kunishitaki, maana hakujua. Alikuja kuomba ndoo na dawa ya klorini. Mafundi wa majitaka ndio waliofungua chemba moja baada ya nyingine kupanda mlima, hadi wakafika kwenye gata yangu.

Hesabu yake ni hii, na ningeipiga mapema mama yule angelala. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na milimita 50, ni lita 5,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, hutoa lita 480. Mvua moja ilisukuma ndani ya bomba maji mengi kama majitaka ya siku kumi ya nyumba nzima, kwa muda mfupi. Bomba likielemewa, maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, na tundu hilo lilikuwa choo chake. Mahindi nililipa. Gata sasa inaingia kwenye simtanki, na ziada inakwenda kwenye mtaro wa mawe niliouchimba mwenyewe.

Miji mikubwa nayo imelipia kosa hili. London ya zamani iliweka mvua na majitaka kwenye mfereji mmoja, ukijaa ukawa unamwaga kwenye mto Thames, na juzijuzi tu wamemaliza handaki la kilomita 25 la kuyapokea maji hayo. Sisi tunaochimba sasa tuyatenganishe tangu mwanzo.

Walio karibu na ziwa wana jambo la ziada. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko chote kilichokuwa kimepimwa hadi wakati huo. Mtaro uliopimwa ziwa likiwa limeshuka hauwezi kumwaga maji yake ziwa likiwa limepanda. Maji hurudi nyuma. Ulizeni mdomo wa mtaro uko juu ya ziwa kiasi gani. Ulizeni pia kama pampu ya majitaka ina jenereta, na dizeli hununuliwa na nani, maana umeme hukatika mvua ikiwa imepamba moto.

Na mvua ikishaanza, msifungue chemba ili kukausha ua. Msitapishe vyoo eti mvua itabeba. Inabeba hadi mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani tunakochota. Watoto wasichezee maji ya mtaroni. Choo cha chini kabisa mtaani kiwekewe vali ya kuzuia maji kurudi, hata kama mwenye nyumba hana fedha, changeni. Na fundi akikwambia chemba hii hapa, mwulize kwanza nani anaishi chini yako.