Jinsi ya kuisoma picha ya zamani ya mandhari ya Tanga, hatua kwa hatua

Mi ni fundi fremu hapa Ngamiani, watu wananiletea picha walizozikuta kwenye masanduku ya wazee wao, nyingi ni mandhari za enzi za Mjerumani, minazi mbele na milima ya Usambara nyuma, na swali la kwanza huwa "fundi, hii inauzika bei gani?" Bei tuiache kwanza, tuisome.

Hatua ya 1. Usiipanguse na maji. Wala mate! Hewa ya chumvi ya huku pwani inaingiza unyevu kwenye karatasi na rangi inaanza kubanduka yenyewe, sasa wewe ukija na kitambaa kibichi ndo unamalizia kabisa. Tumia brashi laini kavu, toa vumbi la juu tu, ukiona rangi imeinuka acha hapohapo.

Hatua ya 2. Jua kama ni chapa au ya mkono. Fungua kamera ya simu, zumu sehemu ya anga mpaka mwisho, ukiona vidoti vidogovidogo vimejipanga hiyo ni ya mashine. Usivunjike moyo lakini, maana picha za koloni zilichapwa sana ili watu wa kwao ambao hawajawahi kukanyaga huku wazione. Ya mkono ukiiweka ubavuni mwa dirisha mwanga wa pembeni unaonyesha matuta ya brashi. Geuza na nyuma, muhuri na mwandiko wowote upige picha.

Hatua ya 3, hapa ndo utamu ulipo. Tafuta mkonge. Mkonge sio mmea wa huku, asili yake Mexico, na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche elfu moja toka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, iliyofika hai ni 62 tu ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Kwa hiyo picha yenye shamba la mkonge haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata muuzaji aape vipi. Na ukiona mashina ya maua yamechomoza juu kama milingoti ya jahazi jua huo umeshakaa miaka mingi shambani, sogeza tarehe mbele. Reli nayo inasaidia: ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893, treni ikafika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Ukiona reli Mombo na nyuma pameandikwa 1899, huo mwandiko una mushkeli.

Hatua ya 4. Angalia vivuli. Wachoraji wengi walichora vipande vidogo huku, turubai kubwa wakaenda kuimalizia kwao. Wilhelm Kuhnert, mchoraji wa Kijerumani, yule wa simba na tembo, alikuja mara ya kwanza 1891, akarudi 1905 vita ya Majimaji ikamkuta hukuhuku, akaja tena 1911, ila picha zake kubwa alizimalizia Berlin. Sasa jua la saa sita mchana Tanga linakaa karibu na utosi, kivuli kinajikunja miguuni. Picha ikikuonyesha mchana mkali halafu minazi ina vivuli virefu laini, mi nawaza studio ya Ulaya.

Hatua ya 5. Hesabu watu. Mara nyingi utakuta hakuna, au kuna mmoja mdogo kabisa wa kupendezesha, yani nchi imekaa tu tupu inasubiri mwenyewe. Basi rudi kwenye mistari ya shamba. Safu zilizonyooka vile hazijiotei, kuna mtu alifyeka, akachimba, akapanda, na wengi walisukumwa na kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ambayo bila rupia huilipi, na rupia ilikuwa kwa mzungu shambani. Mchoraji kamtoa mtu kaacha kazi yake. Mi nikifika hapa huwa namwambia mteja aitazame tena picha kabla hajaniuliza bei.

Hatua ya 6. Uliyoyapata yote andika kwa penseli kwenye karatasi pembeni, weka ubao wa nyuma ya fremu halafu karatasi uibandike kwenye huo ubao, sio kwenye picha yenyewe, na seloteipu isiguse picha kabisa maana gundi yake inaacha doa la njano ambalo halitoki.