Taja kikosi, usitaje kabila

Kwa wanaojadili vita vya Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye magrupu ya WhatsApp: kabla ya kutuma, angalia nani umemfanya mtendaji katika sentensi yako. Ukikuta "Watutsi", "Wahutu" au "Wanyarwanda", futa, kisha andika kikosi na kitendo chake. Waasi wa M23 waliiteka Goma Januari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia. FDLR (waasi kutoka Rwanda), FARDC (jeshi la Kongo) au Wazalendo (wanamgambo wanaopigana upande wa jeshi hilo) wakiua raia, watajwe vivyo hivyo. Lawama haipungui makali, ila inampata anayestahili. Na Mnyamulenge (Mtutsi wa Kongo) aliyemo kwenye grupu anaweza kulaani pamoja nawe, badala ya kulazimika kujitetea kwa alivyozaliwa. Hili ndilo linalonigusa zaidi.

Njia hii haimfai aliyefiwa. Huyo mpe pole, usimsahihishe maneno. Wala haitambadilisha anayewaita watu nyoka au mende: usibishane naye, mwombe admini amtoe. Watutsi waliitwa hivyo hivyo Rwanda kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994.