Kubadili dini: kibali hakipo, kazi ipo kwenye karatasi

Nachapa nyaraka Mwanjelwa, hapa Mbeya, na wanaobadili dini huniuliza swali lile lile: kibali naombea wapi? Ndugu yangu, hakuna kibali. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inakupa uhuru wa kubadili dini au imani yako. Huendi kwa mtendaji wala mahakamani. Nenda kanisani au msikitini kwa hiari yako. Anayekutisha ili uhame, mkatae.

Kazi iko kwenye jina. Ukibaki na lako, vyeti viache vilivyo (mimi ningefanya hivyo). Ukibadili, mwone wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe, ndipo uende NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa. Kagua herufi moja moja. Binti mmoja wa Tukuyu hati yake ilisema Zainab, fomu ikasema Zainabu. Hiyo "u" ilimrudisha nyumbani, nauli imekwisha.

Wenye ndoa, sikilizeni. Kubadili dini peke yake hakuvunji ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, talaka hutolewa na mahakama. Mwambie mwenzako kabla hajasikia sokoni.