Mambo ya kuweka sawa kabla "ofisa" hajaingia dukani kwako

Kama una duka, saluni, karakana au genge tu, fanya haya wiki hii. Usingoje matapeli wanaojifanya maofisa wakufikie.

Leseni ya biashara, cheti cha TIN (namba ya mlipakodi) na mkataba wa pango viwe kwenye faili moja, na kijana wa dukani ajue lilipo. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, toa kila unapouza, hata misumari ya elfu moja. Sababu nitaieleza.

Usijidanganye kwamba kitambulisho cha bandia utakijua kwa macho. Mihuri inachongwa, fulana zenye nembo zinachapwa. Aprili 2017 uhakiki wa serikali ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na hao walishapokelewa kazini na watu ambao kukagua vyeti ndiyo kazi yao. Wewe uliyesimama kaunta, mteja anadai chenji, utagundua nini?

Mimi nauza vifaa vya ujenzi Tandika, Dar es Salaam. Ijumaa moja mchana mteja alinunua mfuko wa saruji, akasema ana haraka, risiti haitaki. Kijana wangu akamwachia. Dakika kumi hazijapita wakaingia wanaume wawili, vitambulisho shingoni, wakijitambulisha kuwa maofisa wa kodi. Wakautaja mfuko ule ule, na saa uliyouzwa. Yule mteja walimtuma wao, lakini hilo nililifahamu baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu: kosa lipo, na ni letu. Hapo ndipo walipotaka nifike.

Hata hivyo sikulipa papo hapo. Nilisema nitapiga simu ofisini kwao kwanza. Yule mkubwa akanijibu kwa upole, "Ni haki yako, mama. Namba ya mkuu wetu hiyo hapo nyuma ya kitambulisho." Nikapiga. Akapokea mtu mwenye sauti tulivu, akalitaja jina la duka langu kabla sijalisema. Moyo ukatulia, eti nimehakikisha! Jina la duka liko kwenye bango, mtu yeyote anayepita barabarani analisoma. Nikatuma shilingi laki nane kwa namba ya "mhasibu" wao. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ilinionyesha jina la mtu binafsi, nami nikaliona, nikaendelea. Jumatatu nilikwenda ofisini mwenyewe. Hakuna aliyewajua.

Kwa hiyo namba ya kuhakikishia isitoke kwa mtu unayemhakiki. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kodi, halmashauri, umeme na kituo cha polisi cha eneo lako, chukua namba zao, ziandike kwa kalamu nene ubandike ndani ya kaunta. Ofisa wa kweli atasubiri upige. Akianza kukuharakisha, toka nje ukasimame penye watu.

Malipo ya serikali yana kontrol namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo hayo. Ukipewa namba ya simu ya mtu, hata wakitaja sababu gani, hulipi. Anayekwambia "tumalizane hapa hapa" ama ni tapeli ama ni ofisa anayeomba rushwa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa 113 bila malipo.

Wakitaka kupekua, ulizia hati, na mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Nakala za kitambulisho cha taifa usiziache ovyo steshenari. Kila unayotoa, andika katikati yake kwa kalamu imetolewa kwa kazi gani na tarehe gani. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda ikafungwe. Namba ya tapeli itume 15040. Watoto nyumbani wasimfungulie mtu kwa sababu ya sare. Mlinzi wa usiku naye aambiwe, na mama mkwe anayebaki na simu yako.

Na ukishapatwa, waambie majirani siku hiyo hiyo, hata kama unaona aibu. Mimi nilinyamaza kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Jumamosi waliingia kwa dada anayeuza vipodozi mtaa wa nyuma, wakaondoka na hela aliyoiweka ya ada ya mwanawe.