Namna ya Kumsaidia Mchekeshaji Anayeficha Majonzi
Mchekeshaji aliyewavunja watu mbavu harusini Ujiji, mkoani Kigoma, kisha akaketi peke yake nyuma ya turubai akizungusha chupa ya tatu bila kugusa wali na mgebuka wake, hahitaji kuombwa kichekesho kingine. Mfuate kesho yake asubuhi, kabla hajanywa, umuulize habari za usingizi, madeni na nyumbani kwake. Akijibu kwa mzaha, usicheke, nyamaza umsubiri. Ujira wake mpeni taslimu, wala si kwa bia, desturi ambayo kwa maoni yangu imewaharibu wengi. Robin Williams wa Marekani, aliyejiua mwaka 2014, alipambana kwa miaka na ulevi na sonona huku akiwachekesha mamilioni. Mwenzako akitamka kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.