Jinsi ya kuomba tathmini ya EHC kwa mtoto wako England

Kabla hujaandika barua yoyote, lishike neno moja: "huenda". Kifungu cha 36 cha Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 kinaitaka halmashauri imfanyie mtoto tathmini ikiwa ana, au huenda ana, mahitaji maalumu ya elimu, na huenda ikabidi asaidiwe kwa mpango wa EHC, yaani ule unaokusanya elimu, afya na ustawi wa jamii katika waraka mmoja. Hakuna panaposema lazima daktari awe ameshalitaja tatizo kwa jina, wala kwamba shule iwe imeshatumia fedha kiasi fulani. Utaambiwa hivyo, tena kwa sauti ya uhakika. Jibu kwa upole: "Naomba mnionyeshe kifungu."

Shule inaweza kuomba, lakini nawe mzazi unaweza, hata kama shule haiafiki. Muone SENCO, mwalimu anayesimamia mahitaji maalumu, akupe nakala za ripoti na mipango ya msaada waliyokwisha kujaribu.

Barua iende kwa halmashauri ya eneo unaloishi. Shule ikiwa kwenye halmashauri nyingine, hilo halibadilishi kitu. Baruapepe inatosha, na inakuachia ushahidi wa tarehe. Taja kifungu cha 36, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na shule yake, kisha useme waziwazi kwamba unaomba tathmini ya EHC. Baada ya hapo toa mifano. "Anahangaika sana darasani" haimwambii msomaji chochote.

Sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani tuna mtego wetu. Shule husema mtoto anachelewa kwa sababu Kiingereza bado kinamsumbua. Ni kweli kifungu cha 20 cha sheria hiyohiyo kinasema kuwa na lugha nyingine nyumbani, peke yake, hakumfanyi mtoto ahesabiwe kuwa na ugumu wa kujifunza. Peke yake, lakini. Kwa hiyo onyesha anavyokwama hata kwa Kiswahili. Wangu alikuwa na miaka 7. Nikimwambia "lete kikombe, halafu funga mlango", analeta kikombe na kubaki amekishika, mlango wazi, ananitazama usoni. Niliandika kila mara ilipotokea, tarehe na saa, kwa wiki 2. Karatasi hiyo ilinisaidia kuliko kurasa 3 za mwanzo nilizojaza uchungu wangu mwenyewe.

Ukishatuma, hesabu wiki. Halmashauri ina wiki 6 kukujibu kama itafanya tathmini au la. Ikikubali, itakusanya maoni yako, ya shule, ya mwanasaikolojia wa elimu, ya watu wa afya na wa ustawi wa jamii. Ikiamua kutoa mpango, toleo la mwisho linatakiwa kutoka ndani ya wiki 20 tangu ombi lilipofika. Wiki hizo hupitilizwa mara nyingi, kwa hiyo wiki ya 6 ikiisha bila jibu, andika siku hiyohiyo.

Rasimu ikija, una angalau siku 15 za kutoa maoni na kutaja shule unayoitaka. Usizimalizie kwenye kurasa za mwanzo zinazomsifu mtoto. Nenda sehemu B, yenye mahitaji yake, kisha F, yenye msaada atakaopewa. Kila hitaji la B liwe na jibu lake F. Ukikuta "atapata fursa ya" au "inapohitajika", pigia mstari: maneno hayo hayamfungi mtu. Dai idadi: dakika 30, mara 2 kwa wiki, pamoja na mtaalamu wa lugha na matamshi. Kilichoandikwa F halmashauri inalazimika kukitekeleza kisheria, na ndiyo maana huandikwa kwa kuzungukazunguka.

Ukikataliwa tathmini, unaweza kukata rufaa kwenye baraza la SEND, yaani la mahitaji maalumu ya elimu na ulemavu, na hakuna ada. Kwanza piga simu kwa mshauri wa usuluhishi akupe cheti. Si lazima ukubali usuluhishi wenyewe. Muda ni miezi 2 tangu barua ya uamuzi au mwezi 1 tangu cheti, wowote utakaochelewa kuisha. Kila eneo lina SENDIASS, huduma ya ushauri isiyolipiwa, nao watakusaidia kujaza fomu. Unapowapigia, uwe na ile barua mkononi na uwasomee tarehe iliyoandikwa juu yake, si siku uliyoifungua.