Simu ya Dharura Ikipigwa kwa Mzaha: Fanya Hivi

Nilipokea simu za dharura kwa miaka tisa, na kosa nililokutana nalo kila wiki ni hili: mzazi anagundua mtoto amepiga, anamnyang'anya simu na kukata. Usikate. Ukikata, mimi huku sina budi kudhani kuna mtu amezibwa mdomo. Nitakupigia, na usipopokea nitatuma gari. Sema tu, "Samahani, mtoto amebonyeza, sote tu salama," kisha ujibu maswali mawili matatu. Hata simu ikijipiga mfukoni, fanya hivyo hivyo. Hakuna mzazi niliyemkaripia kwa kubaki hewani.

Usiku mmoja nilisikia mtoto akihema, kicheko kidogo, halafu kimya. Nilipiga mara tatu bila kupokelewa, nikatuma gari lililokuwa karibu. Askari walimkuta chini ya meza, simu kaikumbatia. Wakati huo, kwenye simu nyingine, nilikuwa na mama mmoja ananinong'oneza kwamba mtu anavunja dirisha lake. Gari lililofuata lilimfikia baada ya dakika kumi na nne. Alisalimika, lakini pumzi zake bado nazisikia.

Kwa hiyo kagua ile simu kuukuu uliyompa mtoto achezee. Marekani, kampuni za simu zinalazimika kupitisha simu ya 911, namba yao ya dharura, hata kama simu haina laini. Uingereza bila laini hupati 999, namba yao ya dharura, na Ujerumani iliufunga mlango huo mwaka 2009 kwa sababu ya mizaha. Popote ulipo, toa betri. Kama haitoki, acha chaji iishe na chaja uifiche.

La hatari zaidi ni mtu kudanganya makusudi kwamba nyumbani kwako kuna muuaji, ili kikosi chenye silaha kikuvamie. Desemba 2017, wachezaji wawili wa michezo ya video waligombana kwa dau la dola 1.50. Mtu aliyekuwa Los Angeles, kwa kuombwa na mmoja wao, akapiga simu ya uongo, polisi wakaenda kwenye nyumba moja Wichita, Kansas. Anwani haikuwa hata ya mchezaji aliyelengwa. Mwanamume asiyejua lolote alifungua mlango, akapigwa risasi akafa. Mpigaji alifungwa miaka 20. Uingereza na Ireland askari wengi wa doria hawabebi bunduki, na wenye silaha hutumwa kwa wito maalumu. Uongo uleule unaweza kukuletea mlangoni watu tofauti kabisa.

Ukitishiwa hivyo, usingoje. Wapigie polisi wa eneo lako kwa namba ya kawaida, waeleze nani anakutisha na nyumbani kuna nani. Polisi wa Seattle, Marekani, walianzisha utaratibu wa kusajili anwani za watu wenye hofu hiyo. Wakifika kabla hujatoa taarifa, weka simu chini, onyesha viganja vitupu, tembea polepole na utii amri. Maelezo baadaye, hata kama una haki yote.

Na kama dharura ni ya kweli ila huwezi kusema, kohoa au gonga simu ukiulizwa. Uingereza, ukipiga 999 kwa simu ya mkononi, bonyeza 55 unapoambiwa, wajue hukupiga kwa bahati mbaya. Hiyo 55 haiwaonyeshi ulipo, kwa hiyo baki hewani.